Ukokotoaji wa tarehe na wakati katika programu

Ukokotoaji wa tarehe na wakati katika programu ni namna kompyuta inavyopata tarehe au saa fulani kwa kuanzia tarehe au saa nyingine: siku tatu zijazo, mwezi mmoja uliopita, Ijumaa ijayo, au idadi ya siku zilizopo kati ya tarehe mbili. Hesabu hizi zimo katika karibu kila programu inayotumiwa na watu, kwa mfano mfumo wa benki unaopanga marejesho ya mkopo, mfumo wa hospitali unaotoa tarehe ya kurudi kliniki, au simu inayoandika "dakika 5 zilizopita" kando ya ujumbe.

Kwa mtazamo wa kwanza kazi hii inaonekana kuwa ya kujumlisha na kutoa tu. Ugumu wake unatokana na kwamba wakati huhesabiwa kwa njia mbili zisizolingana. Njia ya kwanza ni muda unaopita, ambao hupimwa kwa sekunde, na sekunde zote zina urefu uleule. Njia ya pili ni kalenda, ambayo ni mapatano ya watu: mwezi una siku 28, 29, 30 au 31, mwaka una siku 365 au 366, na katika nchi nyingi kuna siku moja kila mwaka yenye saa 23 na nyingine yenye saa 25. "Baada ya saa 24" ni muda. "Kesho saa kama hizi" ni kalenda. Mara nyingi majibu ya njia hizi mbili yanalingana, na mtego uko hapo: programu iliyozichanganya inaweza kufanya kazi vizuri kwa miezi kumi na moja, kisha ikakosea siku moja.

Jinsi kompyuta inavyotunza wakati

Mifumo mingi ya kompyuta hutunza wakati kama namba moja: idadi ya sekunde zilizopita tangu saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Wakati huo Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa 9 usiku. Utaratibu huu huitwa wakati wa Unix, kwa jina la mfumo wa uendeshaji ulikoanzia. Lugha ya JavaScript hutumia mwanzo huohuo lakini huhesabu kwa milisekunde.

Faida yake ni kwamba tofauti kati ya nyakati mbili hupatikana kwa kutoa namba moja kwenye nyingine. Kila siku huhesabiwa kuwa na sekunde 86,400. Kwa kweli kati ya mwaka 1972 na 2016 sekunde za nyongeza 27 ziliingizwa katika saa za dunia ili zisiachane na mzunguko wa Dunia, lakini wakati wa Unix hauzihesabu.

Namba hiyo ikitunzwa katika biti 32 zenye alama ya chanya na hasi, mwisho wake ni 2,147,483,647. Kiwango hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC, yaani saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, kompyuta zisizorekebishwa zitarudi Desemba 1901. Tatizo hili halisubiri mwaka 2038 ufike. Programu inayokokotoa tarehe ya mwisho ya mkopo wa nyumba wa miaka 20 tayari inaivuka tarehe hiyo leo.

Pale ambapo saa haihitajiki, tarehe inaweza kugeuzwa kuwa namba ya siku. Wanaastronomia hutumia namba ya siku ya Juliasi, inayotokana na kipindi cha Juliasi kilichobuniwa na Joseph Scaliger mwaka 1583, na inayohesabu siku tangu mwaka 4713 KK. Excel nayo huhesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, na inaamini kwamba tarehe 29 Februari 1900 ilikuwepo. Haikuwepo, kwa sababu katika Kalenda ya Gregori mwaka unaogawanyika kwa 100 si mwaka mrefu isipokuwa ugawanyike pia kwa 400. Kosa hilo lilirithiwa kwa makusudi kutoka programu ya Lotus 1-2-3 ili mafaili ya zamani yaendelee kusomeka, na halijaondolewa.

Siku na wiki

Kuongeza siku ndiyo sehemu rahisi zaidi ya ukokotoaji huu. Katika lugha ya Python, moduli ya datetime hufanya hivi:

from datetime import date, timedelta
leo = date(2024, 1, 31)
print(leo + timedelta(days=30))            # 2024-03-01
print((date(2024, 3, 1) - leo).days)       # 30

Hata hapa kuna swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu peke yake: je, siku ya kwanza na ya mwisho zote zinahesabiwa? Ukitoa tarehe 1 Juni kwenye tarehe 10 Juni unapata 9. Hilo ni jibu sahihi kwa hoteli inayotoza kwa usiku. Kwa kibarua aliyefanya kazi kuanzia tarehe 1 hadi 10, jibu ni 10, na programu isiyoongeza 1 imemdhulumu ujira wa siku moja.

Majina ya siku za wiki yana mtego wake kwa msomaji wa Kiswahili. Kwa jina lake Jumatatu ni siku ya tatu, kwa kuwa hesabu yetu huanza Jumamosi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinaiita siku ya 1. JavaScript pia huipa 1, lakini kwa sababu tofauti, kwani Jumapili ndiyo 0. Katika Python, funksheni ya weekday huipa 0. Kwa hiyo ni lazima kusoma maelezo ya lugha inayotumika kabla ya kuandika hesabu kama hii ya kutafuta Ijumaa:

hatua = (4 - leo.weekday()) % 7
ijumaa = leo + timedelta(days=hatua)       # 2024-02-02

Ikiwa leo yenyewe ni Ijumaa, hatua ni 0 na jibu ni leo. Kama kinachotakiwa ni Ijumaa ya wiki ijayo, 0 hiyo ibadilishwe kuwa 7.

Miezi

Mwezi si kipimo cha muda, kwa sababu urefu wake unategemea mahali unapoanzia. Swali "mwezi mmoja baada ya tarehe 31 Januari ni lini?" halina jibu moja, na lugha za programu zimelijibu kwa njia tatu.

Kundi la kwanza hurudi hadi siku ya mwisho iliyopo. Katika maktaba ya java.time ya Java, na katika hifadhidata za PostgreSQL na MySQL, 31 Januari 2024 ikiongezwa mwezi mmoja ni 29 Februari. Kundi la pili huacha siku zimwagike mbele: PHP, JavaScript na SQLite huunda kwanza "31 Februari", kisha huhesabu siku mbili zilizozidi na kutoa 2 Machi. Kundi la tatu hukataa swali. Timedelta ya Python haina miezi kabisa, na mwanaprogramu hulazimika kuamua mwenyewe au kutumia maktaba ya nje kama dateutil. Kukataa huko huwaudhi wanaoanza kujifunza, lakini kuna hekima kuliko kutoa jibu ambalo hakuna aliyelichagua.

Funksheni inayofuata njia ya kwanza inaweza kuandikwa hivi:

import calendar

def ongeza_miezi(tarehe, n):
    jumla = tarehe.year * 12 + (tarehe.month - 1) + n
    mwaka, mwezi = divmod(jumla, 12)
    mwezi = mwezi + 1
    mwisho = calendar.monthrange(mwaka, mwezi)[1]
    return date(mwaka, mwezi, min(tarehe.day, mwisho))

Tuchukue mkopo uliotolewa tarehe 31 Januari 2024 ambao unarejeshwa kila mwezi. Programu inayodhani kwamba mwezi ni siku 30 itapanga marejesho tarehe 1 Machi, 31 Machi na 30 Aprili. Mkopaji hadaiwi kitu Februari, kisha anadaiwa mara mbili ndani ya Machi, na kama mshahara wake huja mara moja kwa mwezi, rejesho la pili linaweza kumkuta mfukoni hamna kitu na faini ikafuata.

Programu inayotumia funksheni iliyo hapo juu haina kosa hilo, lakini inaweza kuingia katika jingine. Ikiwa kila tarehe inapatikana kwa kuongeza mwezi mmoja kwenye tarehe iliyotangulia, mlolongo utakuwa 29 Februari, 29 Machi, 29 Aprili na kuendelea. Tarehe 31 imepotea na hairudi tena. Februari 2025 itaishusha hadi 28, nayo itabaki hapo. Njia sahihi ni kuhesabu kila mara kutoka tarehe ya kwanza: mwezi 1, miezi 2, miezi 3 baada ya 31 Januari, yaani 29 Februari, 31 Machi, 30 Aprili. Kwa maneno mengine, kuongeza mwezi mmoja mara mbili si sawa na kuongeza miezi miwili kwa mkupuo, tofauti na kujumlisha kwa kawaida.

Kurudi nyuma kuna tatizo hilohilo. Amri ya date katika mifumo ya GNU, ikiulizwa tarehe 31 Julai "mwezi uliopita ni upi?", inaweza kutoa 1 Julai, kwa kuwa 31 Juni haipo. Ripoti ya mwezi hutolewa siku ya mwisho wa mwezi mara nyingi, kwa hiyo kosa huja siku ileile ripoti inapohitajika. Mwongozo wa amri hiyo unashauri kuanzia tarehe 15 ya mwezi, ambayo ipo katika miezi yote.

Miaka na umri

Umri haupatikani kwa kugawa siku. Mtu aliyezaliwa tarehe 15 Agosti 2006 alitimiza miaka 18 tarehe 15 Agosti 2024, baada ya siku 6,575. Programu inayogawa kwa 365 ingempa miaka 18 tangu tarehe 10 Agosti, siku tano kabla. Ikigawa kwa 365.25 itapata jibu sahihi hapo, lakini itakosea kwingine: mtoto wa umri huohuo alipotimiza mwaka mmoja mwaka 2007 alikuwa na siku 365, na programu ingesema bado hajafikisha mwaka. Pale ambapo umri unaamua haki, kama vile kuandikishwa kupiga kura, hesabu hufanywa kwa kulinganisha mwaka, mwezi na siku:

umri = leo.year - kuzaliwa.year
if (leo.month, leo.day) < (kuzaliwa.month, kuzaliwa.day):
    umri = umri - 1

Tarehe 29 Februari imeangusha mifumo mikubwa. Mwaka 2012, huduma ya Azure ya kampuni ya Microsoft ilikwama kuanzia saa 6 usiku UTC wa kuamkia siku hiyo. Seva zake zilikuwa zikitengeneza cheti cha usalama cha kutumika mwaka mmoja, na tarehe ya mwisho ilipatikana kwa kuongeza 1 kwenye namba ya mwaka. Matokeo yalikuwa 29 Februari 2013, tarehe isiyokuwepo. Cheti kilikataliwa, na mfumo ulitafsiri kushindwa huko kuwa ubovu wa mashine, ukaanza kuziondoa mashine zilizokuwa nzima.

Kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya kuchezea muziki vya Zune 30 viliganda kote duniani. Msimbo wake ulirudia kupunguza miaka maadamu siku zilizobaki zinazidi 365; mwaka ukiwa mrefu, ulipunguza tu kama zinazidi 366. Siku ya 366 yenyewe haikuwa na njia ya kutokea, na programu ikazunguka hapohapo hadi siku ilipobadilika.

Kanda za wakati

Kenya, Tanzania na Uganda ziko UTC+3. Rwanda na Burundi ziko UTC+2. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili, Kinshasa UTC+1 na Lubumbashi UTC+2. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi inayosogeza saa zake majira yakibadilika. Jambo hilo ni raha kwa wananchi lakini huwalevya wanaprogramu, kwa sababu programu inayojaribiwa Mombasa au Mwanza kila siku ina saa 24, na kosa hujitokeza inapofika kwa mtumiaji aliyeko London au Toronto.

Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tarehe 31 Machi 2024, ambayo ilikuwa pia Pasaka, saa za London ziliruka kutoka 01:00 hadi 02:00. Saa 24 baada ya adhuhuri ya Jumamosi tarehe 30 ni Jumapili saa 13:00, si 12:00. Dawa inayopaswa kumezwa kila baada ya saa 24 hufuata muda. Kengele ya kuamka hufuata kalenda. Python ina tabia ya kushangaza hapa. Ukijumlisha timedelta ya saa 24 kwenye wakati wenye ukanda wa London, jibu ni 12:00 ya kesho yake, ingawa zimepita saa 23 tu. Anayetaka muda halisi abadilishe kwanza kuwa UTC, ajumlishe, kisha arudishe.

Kwa mambo yaliyokwisha kutokea, kutunza wakati kwa UTC kunatosha. Kwa mambo yajayo hakutoshi. Mkutano uliopangwa saa 10:00 za London utakuwa saa 7 mchana Nairobi wakati wa baridi na saa 6 mchana wakati wa joto, na serikali inaweza kubadilisha sheria kabla ya siku kufika. Misri ilirudisha saa za majira ya joto mwaka 2023. Samoa ilivuka mstari wa tarehe mwaka 2011 kwa kuifuta kabisa siku ya 30 Desemba: baada ya tarehe 29 ilikuja tarehe 31. Kwa sababu hiyo tukio lijalo hutunzwa kwa saa ya mahali pamoja na jina la ukanda wake, kama vile Europe/London au Africa/Nairobi. Majina haya yanatoka katika hifadhidata ya tz, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kuendelezwa na watu wa kujitolea, ambayo sasa hutolewa na IANA.

Hifadhidata hiyo hutunza pia mambo yaliyopita. Saa za Nairobi zilibadilishwa mara kadhaa wakati wa ukoloni na zilitulia katika UTC+3 mwezi Agosti 1942. Kabla ya hapo tofauti ilikuwa saa 2 na dakika 45. Anayesoma kumbukumbu za mwaka 1940 kwa kutumia +3 atakosea kwa robo saa.

Kupima muda mfupi

Saa ya kompyuta inaweza kurekebishwa nyuma na mtandao au na mtu. Kwa hiyo haifai kupima kazi ilichukua muda gani. Mwanzoni mwa mwaka 2017, sekunde ya nyongeza ilipoingizwa, sehemu ya seva za Cloudflare zilipata muda ulio chini ya sifuri na programu yake ya kutafuta majina ya tovuti ikaanguka. Lugha nyingi zina saa ya pili isiyorudi nyuma kamwe. Katika Python ni time.monotonic.

Saa na siku za Kiswahili

Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi na jioni, hivyo hutofautiana kwa saa sita na saa za kompyuta. Ugeuzaji ni mwepesi: ongeza 6 kwenye saa, gawa kwa 12 na uchukue baki; baki likiwa 0, ni saa 12. Saa 07:00 inakuwa saa 1 asubuhi na 20:00 inakuwa saa 2 usiku.

Ugumu uko kwenye siku yenyewe. Kompyuta hubadilisha tarehe saa 6 usiku. Kwa desturi ya pwani, inayofuata Uislamu, siku mpya huingia jua linapotua, na kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa wengi ni usiku ambao kompyuta inauandika Alhamisi. Waandishi wa habari hukwepa utata huo kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na programu inayotuma taarifa kwa Kiswahili ingefanya vema kuwaiga. Mtu anayeandika "kesho" saa 8 usiku naye ana uwezekano mkubwa wa kumaanisha mchana unaokuja, ambao kwa kompyuta ni leo. Tarehe za Ramadhani na Idi hazikokotoleki kwa uhakika pale ambapo mwezi husubiriwa kuandama; programu hutoa makadirio tu, na yafaa ionyeshe hivyo.

Kuonyesha muda uliopita kunahitaji upatanisho wa ngeli. Kiolezo kimoja chenye nafasi ya namba hakitoshi: ni "dakika 1 iliyopita" lakini "dakika 5 zilizopita", "mwezi 1 uliopita" lakini "miezi 2 iliyopita". Mkusanyo wa data za lugha wa Unicode, uitwao CLDR, una maumbo haya kwa Kiswahili, na simu na vivinjari huyachukua humo. Una pia maneno juzi, jana, leo, kesho na kesho kutwa, ambayo programu inaweza kuyatumia badala ya namba. Kiswahili kinaendelea mbele zaidi, kwa mtondo, siku ya tatu kutoka leo, na mtondogoo, siku ya nne. Anayetaka kuyatumia katika programu yake anaweza kuyaandika mwenyewe:

maneno = {-2: "juzi", -1: "jana", 0: "leo", 1: "kesho",
          2: "kesho kutwa", 3: "mtondo", 4: "mtondogoo"}
tofauti = (tarehe - leo).days
print(maneno.get(tofauti, tarehe.strftime("%d/%m/%Y")))

Hapa tarehe na leo ziwe za aina ya date, zisizo na saa ndani yake. Zikiwa na saa, tukio la kesho asubuhi likitazamwa leo jioni lina chini ya saa 24 mbele yake, tofauti inakuwa 0, na skrini inaandika "leo".